Mgahawa Umefunga Njia ya Mbuzi Wake

"Saa tano hii, Ismaël! Wateja wamekaa, makaa imewaka, mbuzi iko wapi?"

"Iko hapa begani, patroni. Njia ndiyo iko wapi?"

"Zunguka!"

"Tena? Reka, acha hiyo! Kuja uibebe wewe, halafu uzunguke."

Ni Jumamosi, Agosti 1992, mtaani Nyamirambo. Anayefoka ni Viateur Mutabazi, mwenye mgahawa mpya wa burusheti, mishikaki ya mbuzi. Anayejibu ni Ismaël Nkusi, miaka thelathini na nne, amesimama juani, begani ana mbuzi mzima aliyechunwa. Kazi yake ni kuchinja alfajiri na kupeleka nyama kwa miguu.

Kati yao kuna ukuta. Viateur ameujenga mwezi uliopita apate baraza ya meza sita zaidi. Umeziba kijia kilichokuwa kinapita ubavuni kwenda jikoni. Jikoni kwake mwenyewe!

"Zamani ilikuwa hatua arobaini," anasema Ismaël. "Sasa nashuka mpaka msikitini, nazunguka nyuma ya vyumba vya kupanga, napanda tena. Mia nne na kumi. Rwose, kweli kabisa, bega ndiyo inahesabu."

Apite katikati ya meza? Alipita wiki jana. Damu ikadondokea shati jeupe la mteja, na Viateur akamkataza kukanyaga baraza.

Ndani ya miaka miwili, migahawa mitano imefunguliwa kwenye mteremko huu. Karibu yote imesukuma viti mpaka ukingo wa lami. Nyuma yake vyumba vinaongezwa, watu wanabanana, na wote hao walikuwa wanatokea kijia hicho hicho.

Béatha Mukeshimana, anayetembeza ndizi kichwani, siku hizi anatembea barabarani katikati ya magari. "Wananipigia honi kama mimi ndiye nimepotea," anasema. "Nipite juu ya meza?"

Ismaël anachinja mbuzi watano kwa siku, na wawili ni wa Viateur. Akimkosa huyu, bucha anayoota kufungua itabaki ndoto. Akiendelea kuzunguka, wateja wake wengine wanapata nyama saa saba, nzi wameshaonja.

"Vunja mita moja, patroni. Moja tu!"

"Niko na karatasi ya komini, sha, kibali cha kujenga. Hiyo mita ni viti vinne."

"Basi hao wanne uwachomee karatasi."

Barazani watu wanacheka. Mmoja anagonga chupa mezani. "Viateur, tunangoja tangu saa nne! Tutakula ukuta?"

Viateur hacheki. Anaonyesha kidole upande wa msikiti. "Zunguka, au usirudi."

Kwa wachinjaji wa hapa, mbuzi ambaye hajapokelewa bado ni wa aliyemchinja. Na kwenye mgahawa wa tatu kutoka hapo, mwenyewe, Daphrose, aliacha njia kati ya viti vyake na mtaro. Wiki nzima amekuwa akimwomba Ismaël mbuzi wa pili kwa siku.

"Kwa Daphrose naingia na bega zote mbili," anasema Ismaël. "Bucha nitaanzia kule, polepole. Siku utavunja, niite. Nitakuja kwa hatua arobaini."

"Ismaël! Hiyo ni mbuzi yangu!"

"Ingia jikoni basi, uone kama iko."

Anahamishia mzigo bega la kushoto, anageuka, anashika lami. Gari linampigia honi. Hageuzi hata shingo.