Siku Choo Kiliponguruma

Juzi choo kiliziba. Nikamimina maji ya moto yenye sabuni ya unga, nikaanza kusukuma kwa ufagio nilioufunga kitambaa. Harufu ya ule mvuke ikanirudisha utotoni kwetu Ndosho, mtaa wa hapahapa Goma, alasiri moja mama alipofanya vilevile.

Nilikuwa mlangoni, mdogo wangu mgongoni. Mvuke ulipanda, ukanuka vibaya, kisha chini kwenye mawe meusi kukanguruma. Sisi watoto wa Goma tulijua kitu kimoja tu kinachonguruma hivyo ardhini. Nikakimbilia barabarani nikipiga kelele: "Volkano imepasuka!"

Mama alinifuata, ufagio mkononi ukidondosha maji.

"Unamupeleka mutoto wapi?"

"Volkano, mama!"

"Ni choo tu, imezibuka." Hakucheka. "Na mimi, uliniachia nani?"

Niliamini amebaki ndani kuuzuia moto kwa ufagio wake, na kwamba angeuweza.

Kabla ya kunishika mkono turudi, aliinua macho juu ya mapaa, akautazama mlima wa volkano. Nilidhani anaukemea. Juzi, choo changu kilipozibuka kwa mngurumo uleule, nilijikuta dirishani nami nikiutazama mlima uleule, na sikuwa nikiukemea; nilikuwa nikihakikisha umetulia.