Shikamoo Iliyotoka kwa Racheti

Juzi nilifuata balbu kwenye duka la vipuri mjini Biharamulo. Mbele yangu alisimama mama mmoja wa Kaniha, fundi wa mashine za kusaga. Nati ya mashine yake ilikuwa imegoma kufunguka, na watu wanamsubiri na mahindi yao. Alitaka racheti, ile spana inayozunguka ikilia krrr.

"Chukua hii fupi, mama, ndiyo saizi yako," kijana muuzaji akamwambia.

"Nati haijui saizi yangu. Nipe ya mpini mrefu."

Muuzaji akacheka, akampa ndefu, akamwonyesha nati yenye kutu iliyoshikilia kaunta ukutani. "Haya, jaribu hiyo. Imewashinda wanaume."

Mama akapachika soketi, kile kikombe cha kushika nati, akavuta kwa mkono mmoja. Krrr, krrr. Nati ikatoka, kaunta ikainama, misumari ikamwagika sakafuni. Muuzaji akaidaka kaunta kwa tumbo, macho yamemtoka.

"Rudisha, mama! Shikamoo! Rudisha!"

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu taratibu. "Hivi ulisema saizi yangu ni ipi?"

"Ndefu, mama! Ndefu!"

Mama akaifunga nati, akaondoka na racheti yake ndefu. Nami nikaagiza balbu yangu, ila kwanza nikamwamkia kila aliyekuwa dukani.