Stanslaus Akana Shtaka la Asali

Stanslaus wa Ugalla haogopi nyuki. Kiingereza nacho hakukiogopa, mpaka kikundi chao cha wafugaji nyuki kilipotafuta mtu wa kuzungumza na wanunuzi wa kigeni. Akajitokeza yeye. Akapewa sharti moja: afaulu mtihani wa mazungumzo wa Mwalimu Agatha, anayefundisha watu wazima Jumamosi nyuma ya duka moja mjini Mpanda.

Mwalimu hufundisha kwa mada. Baada ya salamu na sokoni wakafika mahakamani. Wakameza accused, yaani mshtakiwa, guilty, mwenye hatia, verdict, uamuzi. Sauda, mwanafunzi mwenzao muuza vitenge, akawa anamtia hatiani kila mteja aliyeomba kupunguziwa.

Siku ya mtihani walipangiwa kesi kwa kura. Sauda akapata uhakimu, ambao tayari alikuwa nao. Stanslaus akapata kushtakiwa kwa kuiba asali kwenye mzinga wa jirani.

"Mwalimu, nibadilishie. Bora niue mtu."

"Kuua ameshapata Method. Wewe umeiba asali."

"Mimi? Asali?"

Kule Ugalla mizinga hutundikwa porini, mbali, bila mlinzi wala kufuli. Kinachoilinda ni aibu. Muuaji watu watamsemea kwamba alikuwa na hasira. Mwizi wa asali hana wa kumsemea.

"Shemeji, kiri tu tuwahi usafiri," alisema Safari, mdogo wa mkewe, aliyekaa nyuma. "Dada nitamwambia taratibu."

Ushauri haukuwa mbaya. Anayekiri husema guilty, anapewa adhabu, anafaulu kwa alama za kujikongoja. Waliotangulia wote walikuwa wamekiri. Lilikuwa darasa la wahalifu waungwana sana.

"Not guilty!" alifoka Stanslaus.

Basi ikabidi ajitetee, na kwa Kiingereza. Akaeleza kwamba ana mizinga yake mwenyewe, kwamba baba yake alikuwa nayo, kwamba nyuki wa jirani hata hawamfahamu. Vitenzi vya jana na vya kesho vilipita pamoja kama ng'ombe wa mnadani, lakini vilipita. Jasho likamtoka. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, hata kwa Kikonongo, lugha ya kwao.

Sauda akagonga meza. "Verdict: guilty."

"Kwa ushahidi gani?"

"Umeongea mno. Mtu msafi haongei hivyo."

Mwalimu alikuwa anatabasamu. "Stanslaus, umefaulu. Umewapita wote."

"Asante, Mwalimu. Ila nimefungwa."

"Baba, huu ni mtihani tu."

"Najua. Lakini huyu shemeji akifika nyumbani, neno mtihani atakuwa ameliacha stendi."

Safari akaangalia saa.

"Nakata rufaa," alisema Stanslaus. "Kwa Kiingereza wanasemaje?"

"Appeal. Hilo ni somo la wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshasemwa Ugalla nzima. Tufundishe leo."

Mwalimu akaliandika ubaoni, darasa likaitikia, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumzidi Sauda cheo, akaisikiliza rufaa mwenyewe. Uamuzi ukatenguliwa. Sauda akasema mahakama imeingiliwa.

Stanslaus akamgeukia shemeji yake. "Haya, sema ulichosikia."

"Si nimesikia?"

"Sema, ndio tuondoke."

"Noti gili," Safari alinung'unika.

"Vizuri," alisema msemaji mpya wa kikundi. "Sasa kwa sauti, ndivyo utakavyomwambia dada yako."