Kaburi Linachimbwa Ijumaa Kwenye Ploti Niliyouza

Admin, jina langu lisionekane popote. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Rongo, nauza ploti. Leseni ya udalali sina. Nilikuwa nawacheka wanaoifanyia mtihani: "Udongo unasomewa darasani?" Sasa sicheki.

Miaka mitatu iliyopita nilimuuzia rafiki yangu wa kanisani na mumewe ploti pembeni mwa mji. Hati ilikuwa safi. Ramani ya mpango wa mji sikuiangalia, hata sikujua inaangaliwa wapi. Mume akaingia alfajiri na mwanawe wa kwanza, jogoo na shoka mkononi, wakaanzisha boma kama desturi yetu ya Kijaluo inavyotaka. Mimi nilipiga vigelegele.

Mwaka huu nikaenda Migori kuulizia mambo ya leseni, na karani mmoja akanifungulia ramani hiyo. Boma lote liko ndani ya nafasi iliyotengewa barabara. Nikamwambia labda ramani ni ya zamani. Akanijibu, "Madam, hii imepitishwa. Barabara ikikuja, hiyo nyumba inatoka." Nilirudi nyumbani nikanyamaza. Niliogopa kushtakiwa kwa kuuza bila leseni, na niliogopa macho ya watu kanisani. Nikajidanganya kwamba barabara zetu huchelewa sana.

Wiki iliyopita yule mume alifariki. Anazikwa Jumamosi, papo hapo bomani, maana kwetu mwanaume aliyejenga boma lake huzikwa humo. Nyumba utabomoa ujenge kwingine. Lakini kaburi la mwenye boma kufukuliwa na tingatinga, nani ataweza kuishi na hilo?

Kwenye boma la baba yake huko Sindo wanaweza kumpokea azikwe huko, ila wazee lazima wakae na kukubaliana kabla kaburi halijachimbwa. Kila siku naenda matangani niseme. Nachota maji, naosha sufuria, natoka na maneno yangu yote tumboni. Silali. Najichukia.

Leo Jumatano mjane alinishika mikono yote miwili. "Nyamera," akaniita kwa Kijaluo, yaani dada yangu, "wewe ndio unajua hii ploti kuliko sisi. Kuja Ijumaa uonyeshe vijana mpaka, ndio kaburi isiingie kwa jirani."

Nikamjibu, "Nitakuja."

Ndugu zangu, nishaurini hata kwa ukali. Nimwambie mjane mwenyewe, au niwaendee wazee kwanza? Naanza na neno gani?