Ngai-ngai ya Mama Kutoka Ubundu

Wakati wetu kule Kisangani, ninyi tuliokua pamoja mtanielewa, mtoto hakuulizwa kama anapenda mboga. Ukirudi shule unavua shati, unachukua ndoo, unamwagilia kwanza ndipo ule. Parseli yetu, kiwanja cha nyumba, ilikuwa ndogo, lakini mama alipanda kila mahali: lengalenga nyuma ya jiko, matembele karibu na choo, na mbele, upande wa barabara, ngai-ngai, yale majani machachu ya kupika na samaki. Watoto wa leo wakiona kiwavi kwenye jani wanapiga mayowe mtaa mzima unasikia. Sisi tulimtoa kwa kidole tukaendelea kuchuma.

Ngai-ngai ile haikuwa ya sokoni. Mbegu yake ilitoka Ubundu, kwa bibi aliyemzaa mama, na bibi alikuwa amekwisha kufa, shamba lake limerudi pori. Majirani walipoomba mbegu, mama aliwapa majani. "Majani mutakula. Mbegu ya mama yangu haitoke ku hii parseli," alisema, na hapo hata umbembeleze vipi. Kila mwaka aliacha mashina machache yasimame mpaka yakauke yenyewe, maana mbegu ukiiweka ndani ya nyumba ilioza kwa unyevu.

Papa alikuwa karani wa serikali, tena mkubwa wa chama kwenye avenyu yetu. Jumamosi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya usafi, na ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akisukuma watu. Jumamosi moja ilitangazwa kwamba wakubwa watakuja kukagua. Mama alikuwa ameenda sokoni. Papa akamwambia jirani mmoja akate majani mbele ya kwake, na yule akamjibu mbele ya watu wote, "Bon, na ile pori ya kwako, Papa Bea?" Bea ndiye mimi, kifungua mimba wake.

Watu walicheka. Jamani, aibu niliiona ikimpanda papa usoni. Alikuja moja kwa moja kwetu, akang'oa ngai-ngai yote, na yale mashina ya mbegu yakiwa bado mabichi, akatupa kwenye moto wa takataka. Wakubwa wenyewe hawakuja.

Mama aliporudi aliweka kikapu chini, akatazama pale palipokuwa na mboga yake. "Papa Bea, ile ilikuwa mama yangu," alisema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Tangu hapo papa alianza kutafuta. Alivuka mto kwa pirogi mpaka Lubunga kuuliza wanawake wa mashamba, akapanda treni mpaka Ubundu, akarudi na mbegu zimefungwa kwenye jani. Alilima matuta mwenyewe akitoka ofisini, hata abakosi, ile suti ya wakubwa, hajavua, na walewale waliomcheka wakamcheka tena. Mama alipanda kila alicholetewa. Alipika, akaonja, akasema, "Iko muzuri, merci," kisha akatusogezea sahani sisi watoto. Miaka ikapita hivyo, na mimi nilichukia kula pale mezani.

Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikataa kila chakula, akataka ngai-ngai ya kwao tu. Papa alinunua sokoni, akaipika kwa mkono wake, mwanaume wa enzi zile! Mama alionja kidogo.

"Bado, Papa Bea. Utafute tena."

"Nitatafuta," papa alisema, na alikuwa analia. Tulimzika mama wiki ileile.

Leo hii naishi kwenye parseli iliyopigwa sementi mpaka getini. Wanangu mboga wanaijua ikiwa imekwisha kupikwa, na ukiwatajia jembe wanakumbuka ghafla kwamba wana masomo. Sisi tulikuwa na njaa, lakini tulijua tunakosa nini. Juzi mdogo wao aliniuliza ngai-ngai ya bibi yake ilikuwa chachu namna gani. Nilifungua mdomo nimweleze, nikatafuta, nikatafuta. Ladha iliyonijia ni ya ile ya sokoni.