Lami ya Bibi

Harufu ya lami mbichi hainipi raha. Wenzangu wakipita mahali barabara inapotengenezwa huziba pua, basi, safari inaendelea. Mimi husimama palepale machozi yakinilenga, mtu mzima na begi la kazi begani. Nisikilizeni niwaambie sababu.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, tukikaa Rooty Hill, mwaka ule wa korona ambao Sydney nzima ilifungwa wakati wa baridi. Shule tulisomea kwenye meza ya jikoni. Aliyetoka alikuwa Mama peke yake, kwa kuwa alihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akirudi na alama ya barakoa usoni. Kazi ya Baba ilikuwa kumwaga lami barabarani, na kazi za ujenzi zilikuwa zimesimamishwa, kwa hiyo alizunguka ndani mchana kutwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Asubuhi moja akatoka na fagio. Akafagia njia yetu ya gari kuanzia mlango wa gereji mpaka barabarani, akang'oa majani kwenye nyufa, akafagia tena. Kesho yake akaziba nyufa. Siku ya tatu akafungua ndoo za lami ya kupaka, nyeusi tititi, akaanza kuisambaza kwa fagio la mpira huku pumzi ikimtoka kama mvuke wa birika.

Sasa, jamani, lami ile hupakwa wakati wa joto. Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiye aliyekuwa akisema, "Lami haina mjomba," akiwacheka watu wanaoipaka kwenye baridi halafu wanashangaa mbona inanata. Jirani yetu, mzee Trevor, alisimama kwenye uzio wake, barakoa kidevuni, akampigia kelele asubiri kiangazi. Baba hakuinua hata kichwa. Alimjibu tu kwamba haiwezi kusubiri.

Nilimuuliza kazi yote ile ni ya nini.

"Ni ya bibi yako," akasema, akaendelea kusukuma.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amebaki kambini Kigoma, kule Baba alikokulia baada ya kukimbia Burundi. Makaratasi yake ya kuja kwetu yalikuwa yamekwama tangu mipaka ifungwe. Nilijua anaumwa, lakini kwangu mimi kuumwa lilikuwa jambo la kunywa dawa ukapona. Kwa hiyo niliposikia "ni ya bibi yako" nilielewa kitu kimoja tu: Bibi anakuja! Na fimbo yake, na miguu yake iliyovimba, asije akajikwaa kwenye nyufa zetu. Furaha niliyokuwa nayo, acheni tu.

Jioni ile shangazi, aliyekuwa akimuuguza, akapiga simu ya video tumsalimie. Baba alikuwa bafuni akijisugua lami mikononi kwa mafuta ya kupikia. Nikatoka mbio na simu.

"Bibi, tazama! Baba anakutengenezea uwanja! Amefagia, amepaka, mpaka barabarani!" Nikaizungusha simu ili aone kila pembe.

Uso wa Bibi ulikuwa umebaki macho matupu. Aliniita mke mwenza, na siku zote tulitaniana. Mara hii aliisogeza simu karibu na macho, akautazama uwanja mpaka mwisho. Kisha akacheka kidogo.

"Mke mwenzangu," akasema, "mwambie mwanangu nimeuona. Ni msafi."

Baba akatokea nyuma yangu, akaninyang'anya simu. Hakunipiga, bora angenipiga. Aliingia chumba cha kufulia, akafunga mlango. Sikuwahi kumsikia akilia kabla ya siku ile.

Bibi alifariki siku ya nne, lami ikiwa bado inanata. Baba akatoa viti vya plastiki kumi na viwili, akavipanga pale njiani safu mbili zinazotazamana, huku akijua fika kuwa hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga kwa mtu. Watu wetu wa Granville na Macquarie Fields, mitaa ya mbali mjini humo, hawakuweza hata kufika, kwa kuwa kwenda mbali na nyumbani kulikatazwa. Wachache wa karibu waliacha sufuria za maharage mwisho wa njia, wakalia wakiwa wamesimama kando ya magari yao, wakaondoka. Baba alikaa kiti cha kwanza, na koti lake la kazini, mpaka Mama akaja kuketi mbele yake. Vile kumi vilibaki vitupu.

Nilikuwa nimeshamaliza shule Mama aliponieleza. Kwao kambini, mgonjwa akizidiwa, wanaume wa nyumba ile hufagia uwanja na kufukia mashimo, kwa kuwa waombolezaji watajaa. Wanafanya kimya kimya. Mgonjwa haambiwi kamwe, maana kumwambia ni kumchuria, ni kumtangazia kuwa mmeshamkatia tamaa. Nami nilikuwa nimemzungushia simu. Moyo uliniuma, na bado unauma.

Nilikwenda kumwomba Baba radhi. Alikuwa anaosha gari barabarani. Akafunga bomba.

"Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuuona uwanja wake," akasema. "Wote huondoka hawajui kama walifagiliwa. Mama yangu aliuona. Mimi nisingethubutu kumwonyesha." Akafungua bomba, akaendelea kuosha mlango uleule aliokwisha kuuosha.

Viti vile vilipong'olewa viliondoka na lami, vikaacha vidoa vinne vinne. Vipo mpaka leo, arobaini na nane. Baba, fundi asiyeweza kuliona shimo akalala, hajaviziba, wala gari halipitishi juu yake. Huliacha barabarani, mvua na jua. Wageni wakimuuliza kwa nini, huwaambia njia bado haijakauka.