Maneno Juu ya Mikono

Kijitabu chetu cha kwanza kilimfanya mama mmoja amwambie binti yake aende chooni, wakati yeye alitaka kumwuliza ameamkaje.

Ilikuwa siku ya wazazi kutembelea watoto. Mimi nafundisha wanafunzi viziwi katika shule moja ya msingi hapa Tarime. Nilipangiwa kazi huku kutoka Iringa, nikajiambia nitakaa miaka miwili kisha niombe uhamisho, na bado nipo. Watoto wetu wanakaa bwenini. Wengi walifika wakiwa hawajawahi kuzungumza na mtu yeyote kwao, zaidi ya kuonyeshwa kwa kidole: njoo, kaa, kula. Nyumbani wanasema Kikurya, sokoni Kiswahili, na lugha ya alama hakuna aliyewafundisha wazazi. Ndiyo maana nilitengeneza kijitabu cha picha za mikono. Kila picha ilikuwa na namba, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na maana ya kila namba.

Yule mama alikiweka magotini, akatafuta, akainua mikono na kufanya alama polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Binti yake, wa darasa la tatu, alimtazama, akanitazama mimi, kisha akainuka akaelekea chooni. Alikuwa mtoto mtiifu.

"Mwalimu," mama akaniuliza, "nimemkosea nini?"

Hakuwa amekosea kitu. Alikuwa ameangalia picha ya namba fulani akachukua maana ya namba inayofuata. Mtu anayesoma kwa kuburuza kidole hawezi kuhangaika na namba za ukurasa wa mwisho huku mwanawe amemkodolea macho. Kosa lilikuwa langu, na jioni ile niliamua kwamba neno litakaa juu ya picha yenyewe, palepale penye mkono.

Kuamua kulikuwa rahisi. Kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu nilikuwa najua kuchapa mitihani, basi. Niliingiza picha, nikataka kuandika juu yake, maneno yakaenda chini. Nikabonyeza nafasi mara nyingi, picha ikarukia ukurasa wa pili na kuacha wa kwanza mtupu. Nikiirudisha, inasukuma nyingine. Mwalimu mwenzangu alinionea huruma.

"Si uchapishe tu, halafu uandike kwa kalamu ya wino mzito?"

Nilijaribu. Wino ulivuja, herufi zikapinda, na nilipokitazama kile kitabu niliona aibu. Watoto wa madarasa mengine pale pale shuleni wana vitabu vilivyochapwa vizuri. Kwa nini wangu wawe na vya kuparuzwa? Nikakitupa.

Wiki hiyo nilikwenda Bomani, ofisi ya wilaya, kufuatilia barua yangu ya likizo. Katibu muhtasi wa ofisi ile ni mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, na nilimkuta anaandaa cheti cha kumuaga mfanyakazi. Picha ya jengo ilikuwa imejaa karatasi nzima, na jina la mstaafu limekaa juu ya picha, limetulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, bosi hayupo."

Nikasahau barua. "Mama, hayo maneno umeyapandishaje juu ya picha?"

Alicheka, akavuta kiti cha pili karibu na chake. "Mimi nilijifunza kazi hii kwa taipureta, kwa hiyo najua unapokosea. Ukiingiza picha hapa, kompyuta inaiona kama herufi moja kubwa. Herufi haipandi juu ya herufi. Inasukuma wenzake."

Akabofya picha, akanionyesha mahali pa kuchagua ikae nyuma ya maandishi. Ikatulia, na maneno yakapita juu yake kama vile ni karatasi tupu. Kisha akanionyesha njia aliyoipenda zaidi: kuchora kisanduku cha maandishi juu ya picha, kuondoa weupe wake wa ndani, kuondoa mstari wa pembeni, likabaki neno peke yake.

"Halafu hili usisahau," akasema. "Shika picha, shika kisanduku, vifunge pamoja. Usipovifunga, ukisogeza picha neno linabaki nyuma kama ndama aliyesahauliwa malishoni."

Aliniamuru nifanye mwenyewe mara tatu mbele yake. Mara ya tatu akasema, "Umehitimu," na akarudi kwenye cheti chake. Barua yangu nilikwenda kuichukua siku nyingine.

Niliporudi shuleni nilikutana na shida ambayo hata yeye hakunitajia. Picha zangu nilikuwa nimezipiga uani, nyuma kuna migomba, nguo zilizoanikwa, kuku. Neno jeusi likikaa juu ya migomba halisomeki, na jeupe likikaa juu ya shuka nyeupe halionekani kabisa. Nilikaa darasani nikiwaza, macho yakiwa ubaoni, ndipo nikaona jibu mbele yangu. Ubao ni mweusi. Nikifuta ubao vizuri na kumsimamisha mtoto mbele yake, nitaandika kwa herufi nyeupe, na zitasomeka kama chaki.

Tulipiga picha zote upya kwa siku mbili. Yule binti wa darasa la tatu alijiteua kuwa mkaguzi. Mwenzake akikunja kidole vibaya, anamsogelea na kukinyoosha, kisha ananipa ishara nipige. Nami nikaketi kwenye kompyuta kila nilipopata kipindi kitupu. Picha nyuma, kisanduku juu, weupe toa, mstari toa, neno karibu na mkono lakini lisiguse kidole, funga pamoja. KULA. MAJI. NYUMBANI. NG'OMBE. Niliposogeza picha ya kwanza na neno lake likaenda pamoja nayo bila kubaki nyuma, nilipiga makofi peke yangu. Mwalimu mwenzangu akainua kichwa.

"Vipi?"

"Njoo uone kitabu cha watoto wangu."

Alikuja, akakipitia chote kwenye kioo, akasema, "Hiki ni cha dukani kabisa."

Wazazi walipewa vitabu muhula ulipoanza. Muhula ulipofungwa, baba wa yule binti alikuja kumchukua. Ni mfugaji, mtu wa maneno machache, na miaka yote alikuwa akisimama mlangoni na kuniambia, "Mwambie twende."

"Shikamoo, mzee," nikamsalimu.

"Marahaba." Nikageuka kumwita mtoto, akanizuia. "Ngoja, mwalimu. Nitasema mwenyewe."

Akaweka fimbo yake ukutani ili mikono yote miwili iwe huru. Binti akasimama mbele yake. Baba akafanya alama moja, akatulia, akafanya nyingine. *Nyumbani. Ng'ombe. Amezaa.*

Mikono ya mtoto ikaanza kwenda kasi mpaka baba akarudi hatua nyuma.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama ni dume au jike."

Akatoa kitabu mfukoni mwa koti, akafunua kurasa zote. "Hilo halimo."

"Halimo, mzee."

"Halimo kwa nini? Nyumba ya Mkurya utakosaje dume na jike?"

Akaniambia ndama ni jike. Nilimwonyesha alama ya jike, naye akaijaribu, ikapotoka. Binti akashika vidole vya baba yake, akavipanga kimoja kimoja, akavitazama, akatikisa kichwa kukubali. Nilisimama pale na chaki mkononi nikijisikia mrefu kuliko nilivyo.

Mwaka mpya ulipoanza, baba alimleta binti pamoja na karatasi ya daftari iliyoandikwa na mtoto wake mkubwa. Ilikuwa orodha ya maneno waliyoyakosa nyumbani likizo nzima: dume, jike, malisho, mvua, kesho kutwa, shangazi, nimekukumbuka.

"Utayaweka?"

"Nitayaweka yote."

Akaweka kidole chini ya orodha. "Hili la mwisho, kukumbuka. Amenifundisha huyu. Nalijua vizuri."

Nikafuta ubao. Akavua kofia, akasimama mbele yake wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akainua mikono yake yenye makovu ya kamba za ng'ombe. Binti alimkagua, akaniruhusu nipige. Ukurasa huo niliutengeneza siku ileile, neno nikaliweka chini kidogo ya viganja vyake, jeupe.

Mwezi uliofuata niliitwa Mugumu, wilaya ya jirani, kuwaonyesha walimu wengine namna tulivyokitengeneza kitabu, nami nilianza na ukurasa ule.